Pale Pako Kwenye "Jiwe la Mama"

Magesa, rafiki yangu,

Mazishi yako niliyakosoa. Sikukusudia. Katekista aliposema pale kaburini kwamba marehemu "alijishughulisha na mambo ya gitaa", kana kwamba anataja ugonjwa wa ngozi, nilikohoa kwa sauti mpaka mama yako akageuka. Alinitazama tu. Nikanyamaza. Wewe unajua ni watu wangapi mkoa huu wamewahi kuninyamazisha.

Sasa nakuandikia kwa sababu nina jambo linaloninyima usingizi, na mtu wa kubishana naye juu ya jambo hili ulikuwa wewe. Wengine nikianza kusema wanaaga.

Redio imetuita. Ndiyo, hatimaye. Miaka yote tuliyoomba, bendi yetu ya Rubana Jazz iliambiwa isubiri, ipange foleni, iandike upya. Leo wewe umelala Suguti, udongo wako haujakaa sawa, ndipo wanakumbuka kwamba Mara nako kuna magitaa. Niliposikia habari hiyo sikufurahi. Nilipiga meza. Kwa hawa mabwana muziki wa nchi hii unaanza Dar es Salaam na kuishia Morogoro; sisi huku ni ng'ombe, pamba na samaki, na tukisikika ni kwa sababu ya wizi wa mifugo. Wanahubiri usawa wa mikoa asubuhi na jioni katika redio hiyohiyo. Usawa gani huu unaosubiri mtu afe?

Basi. Nimesema. Turudi kwenye jambo lenyewe.

Wanataka "Jiwe la Mama". Wangetaka wimbo mwingine wowote tungekwenda kesho. Lakini wanataka ule, na ule una tundu, na tundu ni wewe.

Hukupata kuona matokeo ya kanuni yetu, kwa hiyo nikueleze. Unakumbuka tulivyokuwa tunakamata nyimbo za Kongo. Betri za redio ya Wambura zinashinda juani zipate nguvu, jioni tunaizunguka pale Iringo nyuma ya ukumbi. Wimbo unapita mara moja, na hujui utarudi lini. Kila mtu na sikio lake: Wambura besi, Chacha ridhimu, wewe solo, mimi maneno, Kilingala nisichokijua hata neno moja, nakimeza kama dawa. Ilikuwa marufuku kusikiliza mstari wa mwenzako. Ukionekana kichwa kinacheza upande usio wako, Wambura anakugonga goti: "Kaa kwako." Wimbo ukiisha tunaunganisha vipande, na mara nyingi unasimama kama nyumba iliyojengwa na mafundi wasiosalimiana. Lakini unasimama.

Tukaizoea kanuni ile hata kwenye nyimbo zetu wenyewe. Wewe ulimfundisha Wambura mstari wake na Chacha mstari wake, na wa kwako ukaubeba mwenyewe. Hakuna aliyetazama vidole vyako. Uliondoka, na siku tuliyokaa kufanya mazoezi tukafika pale pako, besi ikawa inatembea, ridhimu inatembea, na katikati hakuna kitu. Chacha akaacha kupiga. Wambura akatazama viatu vyake. Mimi je? Wewe unajua nilikuwa nafanya nini pale pako kila siku. Nilikuwa napiga kelele. "Vuta, Magesa! Waambie Bunda wanasikia!" Ukawa unanisogelea na kuninong'oneza huku unapiga: "Gazeti, kunja ukurasa mmoja nipite."

Gazeti. Hakuna mwingine anayeniita hivyo tena. Sasa mimi ni Mwalimu, hata kwa Chacha.

Tulibishana sana juu ya wimbo ule, kumbuka. Mimi nilikuwa nimechoka na rumba za mapenzi. Nilikwambia nchi inajengwa, watu wanahamia vijiji vipya, na ninyi mnamlilia mwanamke ambaye hata jina lake hamwezi kulitamka. Ukaniambia, "Mura, basi andika wewe huo wimbo wa nchi, nione kama utachezeka." Nikaenda Suguti kuandika juu ya kijiji kipya, na nilichokikuta ni mama yako anadai jiwe lake la kusagia. Walihamishwa kwa haraka, jiwe likabaki kwenye mahame, na kila juma alikuwa anarudi kwa miguu kwenda kusaga mtama kulekule porini, kwenye nyumba isiyo na paa, kisha anarudi kijijini na unga kichwani. Mimi ninakiamini kile kijiji, Magesa. Nakiamini hadi leo. Shule ipo, zahanati ipo. Lakini niliandika jiwe. Na mwisho wa ubeti wa tatu, mama anapofika kwenye mahame, maneno yaliniishia. Nikakwambia malizia. Ukamalizia kwa gitaa. Watu walikuwa wanaacha kucheza hapo, wanasimama tu wakishikana mikono, mpaka utoke.

Hapo ndipo pana tundu.

Wambura, kama kiongozi, alileta mtu. Kijana wa Mwanza, Sospeter, mpole, vidole vyepesi. Nilimchukia kabla hajafungua mfuko wa gitaa. Nikamwambia Wambura kwamba hatuwezi kuweka kizibo cha soda kwenye chupa ya maziwa. Wambura naye, unamjua, hasemi mara mbili: "Bendi siyo makaburi, Mwalimu. Redio haiwezi kungoja mfu." Tukakaa siku kadhaa hatusalimiani. Mimi nilisema solo yako ipo, imo katika vichwa vya watu waliocheza, ikusanywe, Sospeter afundishwe kama ilivyo, nota kwa nota. Wambura akasema haya, nenda kaikusanye, wewe si unapendaga utafiti.

Nikaenda. Nilimchukua Sospeter na gitaa lake tukapanda basi.

Murangi tuliwakuta akina mama wa kununua furu wanasubiri mitumbwi. Nilipowatajia wimbo walicheka, mmoja akasema, "Huyo mpiga gitaa alikuwaga na macho ya usingizi, siyo?" Kisha wakauimba pale pako kwa midomo, *ti-ri-ti, ti-ri-ti*, mfupimfupi, wa kurukaruka, na mabega yanakwenda. Sospeter akaushika. Nikajisikia nimeshinda. Nikaanza kutunga kichwani maneno ya kumwambia Wambura.

Bunda ndipo mambo yalipoharibika. Tulifika kwenye kituo cha kununulia pamba, wakulima wamekalia mafurushi yao. Sospeter alipopiga ule wa Murangi, mzee mmoja mwenye kofia ya jeshi akamkatiza: "Hiyo ni ya wavuvi. Rudisha ziwani." Wakampa ya kwao. Ndefu, inapanda, inapanda tena, haitaki kushuka. Nikawaambia wamesahau, huu si wenyewe. Yule mzee akaniangalia kama namwambia hajui jina la mkewe. "Mwalimu, sisi tulimlipia huyo mtu kiingilio kila msimu wa pamba. Alitupigiaga hivi. Kama wa Murangi aliwapigia vingine, shauri yao."

Na Butiama, usiniulize. Mke wa katekista mmoja, mama wa kwaya, alitupeleka nyuma ya nyumba ili mumewe asisikie, akafunika mdomo kwa kanga, akaimba. Polepole. Nyuzi chache, kama litungu linalopigwa na mtu anayechunga ng'ombe na hana haraka ya kufika. Haukufanana na wa Bunda wala wa Murangi. Sospeter alikaa kwenye jiwe, gitaa mapajani, akaniuliza kwa adabu kabisa, "Mwalimu, marehemu alikuwa na solo ngapi?"

Mimi niliyekaa hatua mbili kutoka kwako kwa miaka yote hiyo, niliyeandika magazetini kwamba bendi za bara zinakopi Kongo kama kasuku, sikuwahi kuzihesabu. Kila mahali ulipofika uliwapigia mahame yao. Wavuvi uliwapa ya kwao, wa pamba ya kwao, wachungaji ya kwao. Hukutuambia. Tungekuuliza tungekuvunja, nadhani. Wambura angekugonga goti.

Nikarudi Musoma na solo tatu, na ugomvi wangu umekufa mkononi. Maana redio itachukua moja. Redio haijui Bunda wala Murangi. Ikishachukua moja, hiyo ndiyo itakuwa wimbo, na watoto watakaozaliwa kesho watasema hivi ndivyo Magesa alivyopiga. Nikichagua ya Bunda nimewaua wa Butiama. Na wala sijui Suguti, nyumbani kwenu, ulikuwa unapiga ipi.

Nilipata kujua juzi, siku ya kumaliza matanga. Ukoo wako uliokataa gitaa kwenye mazishi ulikubali safari hii, kwa sharti kwamba tupige mchana na pombe ikae mbali na watu wa kanisa. Watu walitoka kote. Akina mama wa furu walikuwepo. Mzee wa kofia ya jeshi alikuja na baiskeli yake. Mama wa kwaya alikaa karibu na mumewe, ametulia kama hajawahi kuimba kitu maishani mwake.

Tulipiga "Jiwe la Mama". Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mama anafika kwenye mahame. Sospeter alikuwa ameandaa ya kwake, nzuri, tulikuwa tumekubaliana. Aliinua mkono. Kisha akamwona mama yako amekaa mkekani pale mbele, kichwa kimenyolewa, akashusha mkono. Hakupiga. Besi ikatembea. Ridhimu ikatembea.

Wakaanza wa Murangi, kwa midomo. Halafu Bunda, kwa sauti kubwa zaidi, bila shaka, Bunda hawawezi kushindwa. Halafu nikasikia nyuma ile ya polepole, na sikugeuka kuona kanga iko mdomoni au haipo. Wote kwa wakati mmoja. Ningependa kukwambia ilikuwa nzuri. Haikuwa nzuri. Ilikuwa fujo, kila mtu anavuta kwake, nyingine zinagongana. Mimi nilikuwa natazama midomo ya mama yako, nikisubiri ya Suguti. Haikufunguka. Alikuwa ametega sikio. Ndivyo nilivyojua kwamba nyumbani hukupiga kabisa, kwamba hata yeye alikuwa anaisikia kwa mara ya kwanza.

Baadaye tulipokwenda kumuaga, aliuliza swali moja. "Huko redioni, hapo pa mwanangu mtapafanya nini?"

Nilikuwa na hotuba, Magesa, nilikuwa nayo tayari. Ni Wambura aliyesema. "Tutapaacha, Mama."

"Mtapaacha wazi?"

"Wazi."

Akaitikia kwa kichwa, akamtaka Chacha amsaidie kuinuka.

Njiani nilimwambia Wambura watasema waya wa gitaa umekatika. Akasema wacha waseme. Nikamwambia fundi wa mitambo ataukata wimbo hapo, au atatulazimisha kujaza, au atauweka kapuni. Akasema, "Hilo ndilo la kwako. Wewe si ndiye wa kubishana?" Ndivyo nilivyoshinda ugomvi ambao sikuwa ninaugombea, na tangu siku hiyo silali. Naona watu Dar es Salaam wenye suti wanasikiliza besi na ridhimu zinatembea bila mtu juu yake, wanatazamana, wanacheka, wanasema hawa wa Mara bado washamba. Naona wimbo wako unarudi nyumbani umekatwa kiuno. Naona pia kitu kingine kinachonitisha zaidi: kwamba watapenda, watasifu, na hakuna hata mmoja atakayejua pale wazi ni pa nani.

Ndiyo maana imenibidi nikuulize. Na kwa kuwa hujibu, nimeamua mwenyewe, kama kawaida yangu.

Kesho tunapanda basi la Mwanza, halafu treni. Sospeter anakuja, amebeba gitaa lako, mama yako amempa kwa mkono wake, nami sikupinga. Huko wakitaka kujaza pale pako nitapigana nao, na wakiukata nitaandika katika kila gazeti linalopokea barua mpaka wahariri wanikimbie. Hilo ni jepesi, nimelizoea.

Gumu ni lingine. Nyimbo nyingine zote nitaita majina, nitapiga kelele zangu, nitawataja Bunda, Butiama na Murangi. Lakini ubeti wa tatu ukiisha, mama akifika kwenye mahame, nitasogea mbali na kipaza sauti na kufunga mdomo. Sitakutaja hata jina. Ili huku nyumbani watu wakiwa wamezunguka redio, kila mmoja akupitishe kwa njia yake.

Lala salama, mura. Nakunja ukurasa. Pita.

Gazeti
Musoma