Kidole Gumba cha Fundi Wekesa

Fundi wangu Wekesa,

Keti kwanza, kama huko uliko kuna viti. Kuna jambo nimefanya, na nataka ulisikie kutoka kwangu mwenyewe kabla hujaletewa na wambea watakaokufuata.

Nimeuharibu ule mchoro wako wa Yesu msalabani, pale kanisani Makongeni. Mimi, Njeri, uliyenifundisha kushika brashi miaka sita. Sikulazimishwa na mtu. Naandika kwa haraka, kwa hivyo leo usinisute kuhusu mwandiko.

Tulikuzika kwenu Bungoma, mvua ikitunyeshea. Niliporudi Thika, hata matanga hayajaisha, Mama Wambui wa kamati ya kanisa akanifuata karakana. Unamjua. Ni yule aliyesimama mbele ya mchoro siku ulipoumaliza akasema, "Haiya, Fundi! Misumari kwa kifundo cha mkono? Kila mtu anajua ilikuwa kwa kiganja. Na kidole gumba umesahau wapi?" Wewe ulifuta brashi kwa suruali ukamjibu, "Mama, nimechora penye mtu anaweza kuning'inia." Watu walicheka wakasema ni uzee. Nami nilicheka, Fundi. Nilikuonea aibu.

Sasa akaniambia, "Njeri, fundi ni wewe sasa. Turekebishie."

Hilo neno fundi lilinivimbisha kichwa. Nikakalia kile kiti chako cha kupanda ukutani, ulichokiunda kwa kamba na rimu mbili za baiskeli, nikajivuta hadi juu. Nikafunika majeraha yako kwa rangi ya ngozi. Nikaweka misumari katikati ya viganja, na kila mkono nikauchorea kidole gumba kinono, kimesimama wima. Ukimtazama kutoka kwa viti vya nyuma, Yesu anaonekana kama anatuambia poa. Jumapili kanisa zima lilipiga makofi, nami nikala chapati za kamati nikashiba.

Wiki iliyopita nikapata kazi Ruiru, kwa kliniki ya daktari wa viungo. Alitaka mkono mkubwa ukutani, mifupa upande mmoja, ngozi upande wa pili. Nilipokuwa nachora nikamsimulia kisa chako ili tucheke. Hakucheka. Alishika mkono wangu, akabonyeza katikati ya kiganja. "Hapa ni nyama tu. Uzito wa mtu ukining'inia hapa, panachanika." Akasogeza kidole hadi kifundoni. "Lakini hapa kuna mifupa midogo imebanana. Hapa msumari unashika. Huyo mzee alisomea wapi?"

Nikamwambia hukumaliza darasa la saba.

Ndipo aliponieleza habari za wachoraji wa Italia wa zamani, kama miaka mia tano iliyopita. Wengine walipasua maiti ili wajue kinachovuta ngozi kabla ya kuichora. Mmoja wao alimimina nta ndani ya moyo wa ng'ombe apate kuona umbo la vyumba vyake. Huyo huyo alichora jinsi maji yanavyojisokota yakigonga kitu, akachora na mashine za kuruka, na kwake hizo zote zilikuwa kazi moja. Fundi wangu! Mimi nilimjua mtu aliyeshinda mtoni Chania kutwa nzima akichora povu la maporomoko, huku mwenye kinyozi akingoja kibao chake. Nilidhani unakwepa kazi.

Halafu nikakumbuka miguu ya mbuzi. Ngai!

Kila Jumatatu ulinunua mguu wa mbele kwa bucha, na haukuingia sufuriani. Uliupigilia msumari kwenye mlango wa karakana, kwato zikiwa juu, ukaufungia mtungi wa lita ishirini, ukaanza kumimina maji kidogo kidogo. Msumari ulipokuwa katikati ya kwato mbili, nyama ilichanika na mtungi ukaanguka. Ulipopitisha msumari kwenye lile goti, mtungi ulijaa na mguu haukubanduka. Nami nilikuuliza, "Haki Fundi, hii ni uchawi ama ni supu?" Ukanijibu, "Siku utauliza vizuri, nitakuambia." Nikaziba pua, nikaangalia kando.

Sikuuliza vizuri. Miaka sita! Ulikuwa ukisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo, nami nikaona ni maneno ya leso tu.

Nilimuuliza yule daktari kuhusu goti la mbele la mbuzi. Akasema hilo si goti, ndicho kifundo cha mkono wake. Brashi iliniponyoka ikamchafua viatu.

Nikaiokota, kisha nikauliza kuhusu kidole gumba, na laiti ningenyamaza. Akasema kuna mshipa wa fahamu unapita hapo hapo kifundoni. Ukikatika, kidole gumba hakisimami tena, kinalala kando ya vingine.

Kinalala. Kama chako. Kile cha mkono wa kulia ambao kioo cha duka kiliukata kabla sijakujua, ukabaki unashika brashi kwa vidole viwili vya kati. Nilikuwa nakuigiza ukitoka, wateja wacheke. Fundi, ulichora mkono wako mwenyewe pale msalabani, pande zote mbili, na hukumwambia mtu. Nami niliupaka rangi, nikaimba.

Nililia kwa watu, huko Ruiru, na brashi mkononi.

Sasa sikiliza. Hukuwahi kuacha kazi bila kuipaka vanishi ya kuikinga, hata kibao cha muuza mboga za sukuma. Nilikuwa nakuona bahili wa kila kitu isipokuwa vanishi. Jana nilipanda na pamba na thina kidogo sana ya kuyeyusha rangi, nikasugua pembeni, roho mkononi. Rangi yangu ilitoka. Yako ilibaki chini ya vanishi yake. Kidole cha kulia kimetokea, kimelala vile vile, na hata ile alama ya kioo uliiweka. Niliulaza mkono wangu juu yake nikakaa hapo hadi kamba za kiti chako zikaanza kulia.

Kamati haijui. Watajua Jumapili, na huenda wakanifukuza, na hiyo kazi ya kanisa la pili waliyoniahidi ipotee. Ipotee. Nitakuwa nimemaliza kuusugua mkono wa kushoto. Baada ya ibada nitapigilia mguu wa mbuzi kwenye lango la kanisa, na nakuahidi Mama Wambui mwenyewe ndiye atakayemimina maji.

Nisamehe, Fundi wangu. Lala salama.

Safari hii sitaangalia kando.

Njeri