Doa Kwenye Pafu la Kushoto

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote wa hapa. Natumai goti lako limetulia. Ukitaka kujua hali yangu, nakula na kulala, ila watu wa nyumba hii watanimaliza kabla ya ugonjwa.

Nampa binti yako barua hii arudi nayo leo, maana kwenye simu utalia, nami nitaishia kukubembeleza wewe. Majibu ya picha za kifua yametoka. Kuna doa dogo kwenye pafu la kushoto. Daktari alisema huenda ni kovu la ugonjwa wa zamani, huenda ni saratani; picha peke yake haitoshi, atakayejua ni daktari bingwa wa mapafu, na bingwa huyo ataniona mwezi ujao. Basi. Hakuna zaidi.

Lakini nani hapa anakubali kutojua? Mume wangu ameshinda mtandaoni akisoma dalili hadi sasa anakohoa yeye. Mama mkwe ameshikilia kwamba doa limetokea kwa sababu nilitikisika nikipigwa picha, eti hata mezani huwa situlii. Mume wa mdogo wetu, yule daktari wa mifugo, aliitwa akaziinua picha dirishani, akaguna, kisha akasema ningekuwa ng'ombe angeshanijibu. Nilicheka mpaka nikakasirika. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na chombo chenyewe ni mimi.

Hata kwenye cherehani sina raha. Wateja wanakuja kuchukua nguo, wanabaki wananitazama kifua kana kwamba doa litachungulia.

Sasa nikuambie ambalo sijamwambia mtu. Jana muuguzi wa bingwa alinipigia: kuna mgonjwa ameahirisha, nafasi ipo Jumatatu. Nikamjibu kwamba siwezi, nina gauni la bi harusi la kumaliza. Gauni nilishalimaliza, dada. Limetundikwa hapa mbele yangu. Nawalaumu wenzangu kwa kutaka kujua, kumbe mimi ndiye nisiyetaka. Naogopa. Naogopa sana.

Asubuhi hii nimempigia yule muuguzi. Alinisema kidogo, nami nilistahili, kisha akaniandika kwa Jumatatu.

Tafadhali njoo Jumapili. Mume wangu atamuuliza bingwa maswali yake yote, hilo najua. Wewe usiulize kitu. Kaa karibu nami umsikilize vizuri, maana akianza kusema, sidhani kama nitasikia.

Wasalimie wote wa kwako, na shemeji umwombe ruhusa kwa niaba yangu.

Mdogo wako,
Fundi