Mama, Nyumba Yetu Iko Juu ya Mihogo Yako

Mama yangu mpendwa uliyelala,

Nimeolewa, mama! Laiti ungemwona Kadima wangu! Akirudi kutoka kazini kwenye mgodi wa Mutoshi ananiita tangu barabarani, majirani wote wanasikia, nami nakimbia kumpokea kama mtoto. Baba yake alitujengea nyumba ya matofali mekundu, na kila asubuhi nilikuwa naupapasa ukuta kwa furaha. Leo nakuandikia masikio yakiniwaka kwa aibu.

Unakumbuka tulivyokuja bondeni na beseni za mihogo? Ulikuwa unapumzika kwanza kwenye kile kichuguu kikubwa, ndipo tushuke majini kuiloweka. Mimi niliziba pua, ukanicheka: "Zoea, mutoto. Bukari yako inatokeaka apa." Kweli, ugali wetu wote ulitoka kwenye maji yale. Siku moja nikakuuliza mbona hakuna anayejenga pale pazuri. Ukasema, "Maji iko na adresi yake. Hata ikienda safari, inarudiaka."

Juzi walikuja watu wa kupima hatari ya mafuriko katika vijiji vyetu kabla ya mvua. Walituomba tuchore kijiji chini: mawe yawe nyumba, majivu yawe njia ya maji. Baba mkwe akaliweka jiwe letu kwa fahari. "Apa maji haifikake." Mmoja wao, akitazama ramani ya zamani, akauliza kichuguu kikubwa kilichochorwa humo kilikuwa wapi.

"Ni mimi nilikipasula!" baba mkwe akajibu. "Nikatosha mule udongo ya matofali ya nyumba ya mutoto wangu."

Hapo ndipo nilipoelewa, mama. Bonde lilifukiwa kwa udongo wa machimbo likawa tambarare, kichuguu hakipo, nami sikupatambua. Kumbe naishi pale pale tulipoloweka, juu ya mihogo yako.

Unajua mke mpya hampingi baba mkwe mbele ya watu. Lakini majirani zetu wa chini wana watoto wachanga. Nikapiga magoti, nikachota majivu, nikayapitisha juu ya jiwe letu na juu ya mawe yao. Mama mmoja akaangua kicheko: "Eeh! Bibi arusi ya juzi anafundisha bukwe yake!" Wakacheka wote, eti namfundisha mkwe wangu. Baba mkwe akaondoka. Jioni hakugusa bukari yangu. Kadima alinishika mkono.

Leo asubuhi nikasikia jembe. Baba mkwe alikuwa akichimba peke yake kando ya chumba chetu. Nilijificha nyuma ya mlango, uso ndani ya kitenge. Mzee aliyetujengea kwa mikono yake, yuko shimoni kwa sababu ya mdomo wangu! Akafikia udongo mweusi. Akaushika, akaunusa.

"Mama," akaniita, heshima ambayo hakuwahi kunipa, "kuya uone. Hii ni mihogo."

Tunabomoa, na majirani wa chini wameanza kufunga vyombo vyao. Kadima anasema tutajenga kilimani kwa matofali haya haya, na hata tukilala chini ya turubai ni sawa, mradi mimi nipo. Unaona mume niliyempata! Lakini aibu haijaniisha. Kila tofali ninalolitoa, baba mkwe ndiye anayelipokea, na bado naangalia miguu yake tu.

Lala vizuri, mama. Shimo bado linanuka. Safari hii sikuziba pua.

Ni mimi, mutoto wako, sasa mke wa mtu