Milimani Wamekataa Treni

Baba yangu mpendwa, mzee wa stesheni,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha Mama, kisha wote wanaolala na kuamka katika boma letu hapo Otonglo. Mmeamkaje? Lile goti lako bado linakusumbua mvua ikinyesha, ama dawa niliyotuma na mchungaji imesaidia? Mama ameacha kubeba karai la dagaa wa omena hadi sokoni kama daktari alivyomwambia? Nauliza tu, najua hajaacha. Na Atieno wangu, meno ya mbele yameota? Mwambie kwamba mimi mama yake nimemweka mwisho kwenye salamu ili nibaki naye kidogo.

Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umechafuka. Usichoke na salamu zangu ndefu, leo nimeziandika zote makusudi, na ukisoma mpaka chini utajua kwa nini.

Nilikueleza kwamba huku ughaibuni mimi hulala mjini, lakini kazi yangu iko juu ya kilima, kwenye mtaa wa matajiri. Wenyewe wameupa jina lao refu. Mimi na Auma tunauita Milimani, kwa sababu hauna tofauti na Milimani yetu ya Kisumu: miti mikubwa, maua uani, mbwa wanene, na ukimwona mtu anatembea kwa miguu ujue ni mfanyakazi. Auma ni yule dada wa kutoka kule Pap Onditi niliyekutana naye kanisani, analea watoto nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mimi namtunza Mama Dorothy (Dorothy ni jina lake mwenyewe, si la mtoto), bibi kizee ambaye miguu yake haifanyi kazi tena. Namwogesha, namlisha, namsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu. Ana mtoto mmoja tu, Richard, wakili, anayekaa mtaa huohuo. Huyo huja Jumapili na maua, hukaa mpaka chai ipoe, kisha huondoka.

Shida yangu ni kushuka mjini jioni. Basi ni moja, na mara nyingi linapita nikiwa bado namlaza Mama Dorothy. Likinipita natembea kando ya barabara kuu isiyo na njia ya miguu, magari yananirushia maji machafu mpaka kwenye kitambaa cha kichwa. Kwa kuzoea ningezoea, lakini nimeandikishwa darasa la uuguzi linaloanza Januari, kila jioni, huko mjini. Mwalimu alituambia wazi kwamba wanaochelewa wanaondolewa. Unajua nilivyomwahidi Atieno: siku nikipata kile cheti, mimi na yeye tutaishi nyumba moja tena. Sijamwahidi kitu kingine.

Ndipo ikaja habari ya treni. Si gari la moshi kama lako, Baba. Ni treni ndogo ya umeme, mabehewa mawili matatu, inapita kimya hata mbwa hageuki. Tayari inafika chini ya kilima. Huku juu kuna reli ya zamani ya mizigo iliyoota nyasi, na wakubwa wa mji wakasema wataitengeneza na kuweka stesheni moja, karibu na kanisa. Walisema Milimani wakikubali, mwaka mpya utaikuta inatembea.

Nilifurahi, nikaimba nikifua. Nilidhani kila mtu atafurahi. Nani anakataa treni? Mimi nimekulia Kisumu nikiona watu wa Bondo wanafika stesheni na magunia yao tangu mchana kungoja treni ya jioni, na wewe umesimama hapo na bendera yako, na sijawahi kukusikia ukimwuliza abiria anatoka boma la nani kabla hajapanda.

Haikupita wiki, vibao vikaanza kuota kwenye nyasi za watu. Richard alikuja siku ambayo si Jumapili, nikashangaa, kumbe amekuja na nyundo. Akapigilia kibao mbele ya nyumba ya mama yake: TULINDE MTAA WETU. Zile nyasi ni mimi ninayezimwagilia maji, kwa hiyo nikawa nakimwagilia na kile kibao. Nilimwuliza Mama Dorothy, mtaa unalindwa na nini? Alikuwa anakula mkate niliompakia siagi.

"Na watu wa mjini, mpenzi," akasema. "Treni italeta wezi. Watapanda kuja huku, waibe televisheni, warudi nazo."

Baba, nilijaribu kumwona huyo mwizi, ameketi na televisheni mapajani na tiketi mkononi, anangoja kituo chake. Nikamwambia, "Hata mimi ni mtu wa mjini."

Akanipigapiga mkono. "Wewe si kama wao. Wewe ni mtu wa nyumba hii."

Mtu wa nyumba hii hunywea chai kikombe kinachowekwa peke yake chini ya sinki. Nikampangusa mdomo.

Wakaitisha mkutano wa watu wote katika ukumbi wa shule. Nilimsukuma Mama Dorothy mpaka mbele. Madiwani watano walikaa jukwaani, na mwenyekiti akatangaza kwamba kila anayetaka kusema ana dakika mbili, kisha kengele italia. Kabla ya yote alisema mmoja wao, mzee mwenye tai nyeusi, amefiwa na mkewe juzi. Watu wakainamisha vichwa kidogo, wakaendelea.

Nilichosikia hapo nilikisikia kwa masikio yangu, sikuhadithiwa. Mmoja alisema treni itawasumbua ndege kwenye viota. Mwingine alisema bei ya nyumba itaanguka. Mama mmoja mwenye lulu shingoni alisema kila mtu akae pale anapoweza kulipia. Na ni hao hao, Baba, ambao nyumba zao zinasuguliwa, watoto wao wanalishwa na wazee wao wanageuzwa kitandani na watu wanaoshuka mjini kila jioni! Hakuna hata mmoja aliyeuliza tunafikaje. Wanadhani tunaota jikoni asubuhi, kama uyoga. Richard alisimama na suti yake akasema hana neno na watu wa mjini, ila mtaa huu una tabia yake. Wakampigia makofi. Mama Dorothy naye akapiga, kwa mikono ambayo asubuhi hiyo mimi ndiye niliyeikata kucha.

Nikaenda kuandikisha jina langu. Niliporudi, Auma, aliyekuwa nyuma yangu, akaninong'oneza, "Yawa, Awuor, wewe sema ile maneno ya basi na ile ya class, basi. Usiogope hawa watu."

Sikuogopa. Wakaniita nikashika maikrofoni, na hapo nikafanya yale ninayoyajua tangu utoto. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu hasimami kwenye baraza akaanza na shida yake kama anayedai deni. Basi nikamsalimu mwenyekiti. Nikawasalimu madiwani, nikawasalimu wazee, akina mama, na vijana waliosimama mlangoni. Nikauliza habari ya jioni, nikangoja wajibu. Hawakujibu. Nikadhani hawakusikia, nikarudia. Nikawashukuru kwa kunipokea kwao. Kisha nikamgeukia yule mzee mwenye tai nyeusi nikampa pole ya kufiwa, nikamwambia kwetu tungeenda kukaa naye, na Mungu amlaze mama mahali pema. Yeye peke yake aliinua macho akanitazama.

Nikavuta pumzi. Nikasema, "Sasa, jambo lililonileta hapa..."

Kengele ikalia.

"Asante sana, muda umekwisha," mwenyekiti akasema. Nikamwambia sijaanza. Akatabasamu kama unavyomtabasamia mtoto aliyeimba vibaya kanisani, akaita jina lingine. Nyuma yangu watu walicheka, si kwa sauti kubwa. Richard alisema, "Ametia fora," na mama yake akaniambia nilikuwa mtamu sana. Mtamu! Nimeletwa pale na jambo la maisha yangu na ya mtoto wangu, wao wameonja sukari.

Madiwani wakapiga kura palepale. Mmoja tu alitaka treni. Yule mzee wa kufiwa nilimwangalia mpaka mkono wake ulipoinuka, na uliinuka na wale wa kukataa.

Nje, Auma alikuwa na hasira na mimi kuliko nao. "Nyaminwa, dada yangu, wewe umeenda kusema ama umeenda kusalimia? Hawa watu hawasalimiki! Pole umepatia mtu, na yeye amekupatia nini? Amekupatia hapana!"

"Sasa ningeingiaje bila kusalimia?" nikamwuliza.

"Kama wao," akasema. "Si umewaona?"

Nilirudi kazini kesho yake kwa sababu Mama Dorothy hawezi kujiinua, na njaa ya mzee haingoji hasira yangu. Lakini kila nilichogusa kilinichukiza, hata sabuni. Jumapili Richard akaja na maua, akaniita sebuleni, wote wawili wanatabasamu. Mama Dorothy akasema wamefikiria shida yangu ya kusafiri. Kuna chumba chini ya nyumba, karibu na mashine ya kufulia. Wataweka kitanda. Nihamie humo.

"Hata usiku nikiita utanisikia," akasema.

Nikauliza, "Na darasa langu?"

"Ah, darasa linaweza kungoja," Richard akasema. "Umeona? Hatukuhitaji treni."

Walinipa usiku mmoja nifikirie. Baba, sikufikiria. Nilienda kwa Auma, na Auma akanipeleka kwa dada anayesimamia chumba cha dobi cha hospitali mjini. Kazi ni ya shuka na mvuke, malipo ni kidogo kuliko haya, lakini ni mtaa wa pili kutoka darasani. Yale mabati ya jiko la Mama niliyoahidi hayatakuja mwaka huu. Mwombee Mama anisamehe. Karo ya Atieno haitakosekana.

Jumatatu asubuhi nilifungua mlango wa nyumba ile. Richard alikuwepo, ameleta ufunguo wa chumba cha chini, na mama yake yuko kitandani anangoja nimwinue. Mimi Awuor, binti yako, niliyelelewa nisimpite hata mgonjwa wa akili njiani bila kumjulia hali, niliingia sikumsalimu mtu. Nilisema, "Mwisho wa mwezi naondoka. Tafuteni mwingine, na mwambieni mapema kwamba hakuna treni." Hayo tu. Kisha nikamwinua Mama Dorothy nikamwogesha, kwa maana mwezi haujaisha.

Alilia. Sikufurahi, lakini sikurudi nyuma.

Sasa zile salamu zote nilizokuwa nazo zimebaki, nami nazileta kwenu. Msalimie Mama na umwambie asibebe karai. Msalimie Ochieng kaka yangu na mkewe, na shangazi wa upande wa barabara, na mwalimu wa Atieno, na wale wazee wenzako wa reli mnaokaa pamoja mkisikiliza redio. Msalimie mchungaji, na majirani waliofiwa wape pole yangu, na ukae nao. Na Atieno, huyo mwamkie kwa jina langu kila asubuhi, umwulize amelalaje, na ungoje mpaka ajibu. Huko hakuna kengele.

Ni mimi binti yako,
Awuor