Kingamwili Iliyoharibika Njiani

Jumanne

Kingamwili ya kuonyesha protini inayoshika vipokezi vya ubongo imefika leo, barafu yote imeyeyuka, chupa ina joto, nayo huharibika isipokaa baridini. Nikaijaribu hivyohivyo kwa ubongo wa panya tuliowakamata Musonoi, kando ya migodi, kuona kama vumbi lake linadhuru ubongo. Karatasi ya kipimo ikatoka nyeupe, bila alama hata moja.

Mkuu wa maabara akacheka, akatoa foto kabatini. "Mama Odile, weka tu foto ya kale, ile ya kipimo kizuri. Nani atayua?"

"Hapana, Tata. Batoto ba Musonoi banapumua ile vumbi," nikamjibu kwa heshima.

Akaendelea kucheka.

Nikaandika daftarini kwa kalamu: kingamwili imeharibika, hakuna jibu. Nikatia sahihi. Mkuu alipolisoma, akairudisha foto kabatini.

Naogopa atanifukuza. Lakini uongo ule haukutoka maabarani.