Vikombe Kwenye Misumari

S.L.P. 417,
Thika.
12 Septemba 1997

Mpendwa mwanangu Mwau,

Kiwanda cha nguo kilifungwa Ijumaa, tarehe 27 Juni, na hoteli yangu ya chai pale langoni ikaenda nacho. Nimeanza na hilo ili salamu zisinilegeze. Sasa, u mzima? Baridi ya Uingereza imekiachia kifua chako? Sisi tunapumua. Mguu wa mama yako umepona, amerudi shambani Gatuanyaga.

Unavikumbuka vikombe? Kila mfanyakazi wa kiwanda alikuwa na chake, jina limeandikwa kwa rangi ya kucha, kikining'inia kwenye msumari wake ukutani. Vilikuwa mia moja na arobaini. Waliokuja kuchukua vyao ni tisa. Ikifika saa nane, saa ya kubadilisha zamu, upepo unavigonganisha, nami najikuta nimeshabandika sufuria kubwa.

Ndunge, ninayepika naye, aliniuliza, "Mama, leo tena unapikia mizimu?" Nikacheka. Kisha nikamwona yeye mwenyewe anavipangusa vumbi, kimoja kimoja.

Juzi alipita Muasya, aliyekuwa kwenye mashine za kufuma. Nikamwambia achukue chake. "Wacha kikae, Mama. Kikitoka hapo ndio nitajua nimefutwa." Akanywa chai kwa glasi, kama mgeni.

Mwau, ni wewe uliyeniandikia kwamba siku hizi wasomi wa biashara wanaifananisha na msitu: kampuni kubwa ni mti, sisi wadogo tuko chini yake, kila mmoja anamlisha mwenzake. Ukaniambia nikae karibu na mti. Nikaacha meza yangu ya sokoni, nikakaa.

Sasa unasema mti ukianguka mwanga hufika chini, wadogo wakachipuka. Nimekaa kwenye huo mwanga wiki kumi na moja. Ni jua tu. Na mti huu haukuanguka. Msitu hauna mkurugenzi. Huu ulikuwa naye, akatia sahihi, akapanda gari.

Ruiru kumefunguliwa kiwanda kipya cha mashati. Kuna chumba mkabala na lango.

Mama yako, Nzisa na Kaleli wanakusalimu. Mungu akulinde njia zote unazopita peke yako.

Mwenye chumba anataka jibu Ijumaa, tarehe 10 Oktoba. Usinitumie msitu. Kama ingekuwa ni sufuria yako, Mwau, ungeihamishia Ruiru? Ndiyo au hapana, kabla ya siku hiyo.

Ni mimi mama yako mdogo, nikupendaye hata nikiwa na hasira,
Syokau