Usiwawekee Wimbo

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Sepuka tuko wazima. Alizeti imekubali mwaka huu, na mashine yangu ya kukamua mafuta imepata mkanda mpya. Mjomba wako anakusalimu.

Ile filamu ya zamani uliyoikuta huko kwenye makumbusho nimeitazama kwenye simu yake. Unauliza wale akina mama wanaopura uwele wanaimba wimbo gani, ili uuweke kwenye filamu yako, kwa kuwa ile haina sauti.

Hawaimbi. Tulikuwa tumemzika mdogo wangu Mariamu juzi yake. Kwetu nyumba yenye msiba haipuri nafaka, lakini mgeni mwenye kamera alitaka picha za kazi, akaja na mtu wa serikali. Baba akasema, "Leo hapana, bwana. Tuna msiba."

Yule mtu akamjibu, "Mzee, mgeni anaondoka kesho. Msiba wenu upo tu."

Basi mama akatandaza makapi matupu, akashika fimbo. Tazama vizuri, hakuna punje inayoruka. Huyo aliyenyolewa kichwa ndiye mama yangu, na mdomo wake unamwita mwanawe.

Picha yake nyingine sina, miaka yote hii, na hao watu wa makumbusho wameitunza hii kwao bila hata kumwandika jina. Hilo bado linaniuma.

Wimbo usiweke, mama. Kama lazima pawe na sauti, tamka "Mariamu" wewe mwenyewe, polepole, kama mtu wa nyumbani.

Bibi yako